Sirapu na Sharubati Ni Ndugu wa Damu

Wacha niwaambie vile nililipa soo moja kwa vijiko viwili vya matunda.

Juzi nilikuwa kwa mkahawa mmoja pale tao, ule wa viti vya mbao na taa zinazoning'inia kama mabuyu. Nikaitisha kahawa ya barafu. Dada wa kaunta akaniuliza, "Nikuwekee sirapu?" Nikasema weka, kwani nilitaka kuonekana mshamba? Nikachagua ya pasheni. Risiti ikaja: sirapu peke yake, bob mia moja. Nikageuza chupa nione imetoka wapi. Ulaya. Pasheni, wasee! Ile inatambaa kwenye ua la shosho kule Murang'a na kuanguka mpaka kuku wameikinai.

Jioni nikampigia shosho nimpe hiyo story acheke. Alicheka kweli, halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Na hiyo kahawa yenyewe, huwa na ladha gani?"

Shosho amechuma kahawa tangu akiwa msichana mdogo. Amebeba magunia hadi kiwandani, amepanga foleni ya malipo, amelipa karo ya watoto wake kwa hayo malipo. Lakini nyumbani kwake hunywewa chai. Kahawa hajawahi kuionja hata siku moja.

Nikakaa na hilo swali. Nikaanza kusoma, kwanza kuhusu sirapu, halafu kuhusu kahawa. Hii ndiyo hesabu niliyoipata.

Neno lilitoka duka la dawa

Ukiwa mdogo ukishikwa na kikohozi, mamako alikupa nini? Kijiko cha kitu kitamu, kizito, kinanata. Kwenye chupa kimeandikwa sirapu. Umewahi kujiuliza kwa nini dawa ya kikohozi na kitu cha kutia kwenye kahawa vina jina moja? Si ajali. Sirapu ilianza kama dawa.

Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, sh-r-b, unaohusu kunywa. Hapo ndipo likatoka neno sharab, yaani kinywaji. Wauza dawa wa miji ya Kiislamu kama Baghdad na Cairo walikuwa wakichemsha maji ya matunda, maua na mizizi pamoja na sukari, ili dawa chungu imezeke na isiharibike. Mwaka 1260, muuza dawa mmoja Myahudi wa Cairo anayejulikana kama Kohen al-Attar aliandika mwongozo wa kazi yake, Minhaj al-dukkan, na ndani yake kuna mapishi ya hizo sharab. Vitabu vya tiba vya Kiarabu vilipotafsiriwa kwa Kilatini, neno likageuka siropus. Wafaransa, Waitaliano na Waingereza wakalichukua hapo, kila mtu akalitamka kivyake.

Upande mwingine, Waajemi na Waturuki walikuwa na sharbat, maji ya matunda na sukari ya kunywa baridi. Hilo neno nalo ni la mzizi uleule. Na sisi huku pwani tunalo: sharubati.

Kwa hivyo sirapu na sharubati ni watoto wa mzee mmoja. Mmoja alizamia Ulaya, akarudi na lebo na bei. Mwingine alibaki nyumbani, sisi wa bara tukamsahau.

Nasema sisi wa bara kwa sababu Mombasa hawakusahau. Ramadhani iliyopita nilialikwa futari kwao rafiki yangu, Mji wa Kale. Mezani kulikuwa na kaimati, zile donge ndogo za unga zilizokaangwa zikang'aa kwa utamu. Nikamuuliza mamake, "Mama, hii umeweka sirapu gani?" Akaniangalia kama mtu aliyeuliza maji ni nini. "Hiyo ni shira, mwanangu. Sukari na maji, na iliki kidogo. Hiyo sirapu yenu ya Nairobi ndiyo kitu gani?"

Halafu akanimiminia glasi ya sharubati ya ukwaju. Nikanyamaza nikanywa.

Sukari ina kiu

Kabla ya friji, tunda lilikuwa na siku chache tu za kuishi. Unaweza kulianika, unaweza kuliacha lichachuke liwe pombe, ama unaweza kulificha ndani ya sukari. Hiyo njia ya tatu ndiyo sirapu.

Inafanya kazi hivi. Sukari inapenda maji sana. Ikiwa nyingi, inayashika maji yote hadi bakteria, hamira na ukungu vinakosa ya kutumia. Mdudu akiingia humo anakauka kiu katikati ya majimaji. Ndiyo maana asali haiozi. Sirapu ikifika kama asilimia 65 ya sukari kwa uzani, inaweza kukaa muda mrefu bila shida. Ikiwa nyepesi, mambo yanabadilika, na hapo chini nitawaambia vile nilijifunza hilo kwa aibu.

Lakini sukari yenyewe haikuanza kama kitu cha mtaani. Muwa ulianza kulimwa Papua na visiwa vya karibu maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi ndio waliojua kuugeuza punje kavu, na kwa Kisanskriti wakaziita sharkara, neno ambalo pia linamaanisha changarawe. Waajemi na Waarabu wakalibeba, likawa sukkar, na sisi tukapata sukari. Kwa hivyo ukiomba sukari dukani, kihistoria unaomba changarawe. Ulaya ya zamani ilikuwa inaiuza pamoja na viungo na dawa, vitu vya matajiri.

Iliposhuka bei, tujue ni nani aliyeilipia. Kuanzia karne ya 16, Wazungu walijaza Brazil na visiwa vya Karibea mashamba ya miwa, na kazi ikafanywa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari. Kiamshakinywa kitamu cha London na Paris kilisimama juu ya mgongo wa mtu.

Na tusijifanye hiyo ni story ya mbali. Katika karne ya 19, bonde la Pangani, Tanzania ya leo, lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa wa pwani hiihii. Abushiri bin Salim al-Harthi, yule tuliyemsoma kwamba alipigana na Wajerumani na kunyongwa Desemba 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Shujaa, ndiyo. Lakini miwa yake haikujikata. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya ikangoja hadi 1907.

Huku bara, kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza mwaka 1922. Soma hilo jina polepole. Miwani: kwenye miwa. Mimi miaka yote nilidhani ni ya kuvaa machoni.

Vile dawa iligeuka biashara

Cheki sasa vile duka la dawa linarudi kwenye hii hadithi. Mwaka 1886, Atlanta, Marekani, mfamasia John Pemberton alitengeneza sirapu yake. Ilikuwa inauzwa kwa glasi ndani ya duka la dawa, ikichanganywa na maji yenye gesi. Hiyo sirapu unaijua kwa jina Coca-Cola. Soda zote ziko hivyo hadi leo: sirapu, maji na gesi. Hata wewe unayesema hupendi sirapu umeinywa tangu ubatizo wako.

Mwaka 1938 Waingereza walianza kuuza Ribena, sirapu ya tunda dogo jeusi la huko kwao. Vita Vikuu vya Pili vikaja, meli za machungwa zikawa zinazamishwa baharini, watoto wakawa hatarini kukosa vitamini C. Serikali ikawagawia watoto sirapu ya hilo tunda bure. Yaani nchi iliangalia matunda yanayomea nyumbani kwake, ikaongeza sukari, ikaokoa watoto wake. Hiyo ndiyo sehemu ya hii historia ninayoipenda zaidi.

Na ile ya kutia kwenye kahawa? Hiyo ni changa kabisa. Kampuni ya Monin ilianza Ufaransa mwaka 1912, na Torani ikaanza San Francisco mwaka 1925, zikiuza sirapu za vinywaji baridi. Torani wenyewe husimulia kwamba ni miaka ya 1980 tu ndipo mtu alipojaribu kumwaga sirapu yao ndani ya kahawa ya maziwa. Kwa hivyo hii desturi inayotufanya tujione wa kisasa haijafikisha hata miaka 50. Mamako anaweza kuwa mkubwa kuiliko.

Kahawa ambayo shosho hakuijua

Sasa turudi kwa swali la shosho, maana hapo ndipo iliniuma.

Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa, wakaipanda Bura, Taita, mwaka 1893. Kichekesho ni kwamba mti wa kahawa asili yake ni Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Ulizunguka Yemen, ukazunguka bahari, ndio ukaja kubisha mlango wetu ukiwa na Mfaransa.

Walowezi walipoona ina pesa, Mwafrika akazuiwa kuilima. Walisema ataeneza magonjwa ya mimea, walisema ataiba ya mzungu na kudai ni yake. Sababu nyingine haikuhitaji kusemwa sana: mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma yako. Miaka ya 1930 wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu wakaruhusiwa kujaribu. Kwa Wakikuyu mlango ulifunguka kweli miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari.

Baba yake shosho alipanda miti yake ya kwanza wakati huo. Ile miti iko hadi leo. Lakini angalia vile mfumo ulipangwa: unachuma matunda mekundu, unapeleka kiwandani, yanatolewa ganda, mbegu zinakaushwa, zinaenda mnadani Nairobi, zinapanda meli. Hakuna mahali kwenye hiyo safari palipoandikwa "mkulima aonje". Na kukaanga, kusaga, kutia kikombeni, kuongeza vijiko viwili vya sirapu, yote hiyo ni kazi ya mwisho wa safari, na pesa nyingi ziko huko mwisho.

Tunda ni vilevile. Msimu wa maembe ukifika, nenda Makueni uone yanavyooza chini ya miti, na sisi hapa Nairobi tunafungua chupa ya ladha ya embe iliyotoka ng'ambo. Hatukukosa matunda, na ujuzi tulikuwa nao: mama wa Mji wa Kale anao, hajaenda chuo chochote. Tulichozoezwa ni kuuza kitu kikiwa kibichi na kukinunua kikiwa kimepikwa.

Najua kuna mtu atasema pasheni yenyewe ni mgeni, ilitoka Amerika Kusini, na embe limetoka Asia. Kweli kabisa. Sidai kitu chochote ni chetu peke yetu. Hata ukwaju, mti wa Afrika, Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Uhindini, na jina la Kiingereza likatoka hapo. Matunda husafiri, maneno pia. Shida yangu ni moja tu: kwenye hii safari yote, mbona shosho ndiye anayebaki kituoni?

Vile nilichafua dari

Basi nikaamua kupika yangu. Nikashuka kwa mama mboga, nikanunua pasheni, nikawasha gesi. Na kwa vile nilikuwa najiona nina akili, nikapunguza sukari hadi nusu. Afya, unajua. Nikajaza chupa nne, nikaziacha juu ya kabati, tatu nikawauzia majirani. Nikaanza hata kufikiria jina la biashara.

Siku ya nne usiku, nikasikia mlio kama wa tairi. Kizibo kilikuwa kimepaa, na dari ya keja ina doa la manjano hadi leo. Ilikuwa imechachuka. Sukari ilikuwa kidogo mno kuzuia hamira, lakini inatosha kuilisha, na hamira ikishiba inatoa gesi. Nikakimbia mlango kwa mlango kwa magoti yanayotetemeka, kwa sababu jirani mmoja ana mtoto wa miaka mitatu na chupa yake ilikuwa ya kioo. Alikuwa ameiweka kwenye friji, Mungu ni mwema. Nikachukua zote tatu, nikarudisha pesa, nikaomba msamaha. Wale wauza dawa wa Cairo hawakuwa wanaweka sukari kwa ajili ya utamu peke yake.

Kwa hivyo chukua hii iliyofanya kazi. Vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, kikombe kimoja cha maji ya pasheni yaliyochujwa, kama matunda 10 hadi 15 kulingana na ukubwa. Yeyusha sukari kwenye maji kwa moto mdogo, iache ichemke dakika tano. Tia pasheni, ikianza kuchemka tena hesabu dakika mbili, zima. Ukiipika sana harufu yote inaenda na mvuke. Chemsha chupa na kizibo chake kwanza, mimina ikiwa ya moto, ngoja ipoe, weka kwenye friji. Itumie ndani ya wiki mbili. Ukiona mapovu au kizibo kimevimba, mwaga, usijaribu bahati yako.

Ukwaju pia unakubali: loweka kwa maji moto, ukamue, chuja, halafu fuata njia ileile. Embe likiwa tamu sana, ongeza ndimu.

Onyo moja: pasheni na ukwaju vina asidi, na maziwa hayataki asidi. Ukitia kwenye kahawa ya maziwa ya moto itakatika na utanilaumu. Hizi ni za kahawa nyeusi yenye barafu nyingi. Kwa kahawa ya maziwa, pika shira ya yule mama wa Mombasa, sukari, maji na iliki, na hutajuta.

Asubuhi, nyunyiza ya embe juu ya chapati za maji. Tia ya ukwaju kwenye uji wa wimbi. Wengi wetu tumelelewa na uji wa kutiwa ndimu au ukwaju, kwa hivyo hilo si jambo jipya, ni kumbukumbu tu. Vibibi, viazi vitamu, mandazi ya jana, vyote vinakubali. Lakini kijiko kimoja, viwili basi. Bado ni sukari, na tumeona sukari haijawahi kuwa ya bure.

Kikombe cha shosho

Wikendi iliyopita nilipanda matatu hadi Murang'a na chupa mbili kwenye begi, zimefungwa kwa sweta. Nilibeba pia robo kilo ya kahawa ya Kenya iliyokaangwa. Nilimpikia shosho kwenye sufuria yake ya chai, kwa sababu kingine hakuna. Nikaichuja, nikaiacha ipoe, nikatia sirapu iliyotoka kwa pasheni ya ua wake mwenyewe, maana mama mboga nilimwacha Nairobi safari hii.

Kwanza alionja kahawa kavu. Akakunja uso. "Ndiyo hii watu walikuwa wanatunyima?" Nikacheka hadi nikamwaga.

Kisha akaonja yenye sirapu. Akakaa kimya. Akaangalia kule shambani, kwenye miti ya babake. Akanywa tena, taratibu, hadi akaona chini ya kikombe.

"Hii ya pili ni nzuri," akasema. "Lakini umeweka sukari nyingi."

Jumapili amealika wanawake wa kikundi chake, wote wachumaji kahawa. Ameniambia nilete chupa tatu, na nisithubutu kumwambia bei ya tao.